Naenda Leicester kwa mume, Kiingereza sina: nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 41, nakaa Mbagala, nauza madera na vitenge kwenye fremu Kariakoo. Niliishia darasa la saba. Mume wangu ni raia wa Uingereza, anaishi Leicester, na tumeanza mipango ya mimi na watoto wetu wawili, wa miaka 12 na 8, kumfuata. Niliwahi kulipia kozi ya Kiingereza mjini. Tukafundishwa tensi kumi na mbili, daftari likajaa, lakini mteja akiniuliza bei kwa Kiingereza bado namwita kijana wa fremu ya jirani. Mume anasema nisihangaike, nitakipata hukohuko, na kuanzia sasa nisiongee Kiswahili na watoto. Mimi naogopa kuchekwa. Kwa umri huu kichwa kitashika kweli? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo la mumeo la kusubiri, maana mkilifuata litawachelewesha. Mwenzi anayemfuata raia wa Uingereza kutoka nchi kama yetu anatakiwa, kabla ya kupewa viza, athibitishe kwamba anaweza kusikia na kuzungumza Kiingereza cha ngazi ya A1. Ngazi ziko sita, na A1 ndiyo ya chini kabisa. Si mzigo mkubwa, lakini lazima uubebe ukiwa bado hapa Dar. Na hata kama sheria isingedai, ningekuambia uanze sasa. Huku unajifunza ukiwa kwenye biashara yako, kati ya watu wanaokujua. Kule utajifunza huku unatafuta shule ya watoto, daktari na kazi, katika baridi usiyoizoea.

Umri wako hauna tatizo. Wanaochunguza jinsi watu wanavyojifunza lugha wameona kwamba mtu mzima hutangulia mwanzoni kwa maneno na kwa kanuni, kwa sababu tayari anajua lugha ni kitu gani na anajua anachokitafuta. Mtoto humpita baadaye, hasa kwenye matamshi. Lafudhi ya Mbagala itabaki nawe, na haimzuii mtu yeyote kukuelewa. Nchi hii iliwahi kuufanya mwaka mzima wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi zetu wakashika chaki wakiwa na wajukuu migongoni. Wewe unasoma na kuandika Kiswahili vizuri, barua yako inaonyesha. Umeanza mbele sana kuliko wao.

Ulipokwama ni kwenye zile tensi. Sizidharau, nimezifundisha maisha yangu yote, ila mtu anayekwenda kuanza maisha mapya hahitaji kumi na mbili. Anahitaji kusema anachofanya siku zote, alichofanya jana, atakachofanya kesho, na kama anaweza au hawezi. Mawazo hayo unayo kichwani tangu utotoni: unatofautisha "nauza", "niliuza" na "nitauza" bila kufikiri. Kinachokushinda ni sikio. Ulisoma Kiingereza kwa macho, ubaoni, kisha mteja akakijaza sikioni kwa kasi, na sikio lilikuwa halijawahi kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama hapa: funza sikio kwanza, na ujifunze mapema namna ya kumsimamisha mtu anayekwenda mbio.

Sentensi zako za kwanza ziwe za kuomba kurudiwa. "Can you say that again, please?" "Slowly, please." "Can you write it down?" Zifanyie mazoezi mpaka zitoke zenyewe hata ukiwa na hofu. Nimeona wanafunzi wenye maneno mengi wakishindwa kwa sababu wanaona aibu kuuliza, wanaitikia tu "yes, yes", halafu wanatoka hawajui walichokubali. Na nimeona wenye maneno machache wakimaliza shida zao zote kaunta kwa sababu hawamruhusu mtu kuendelea kabla hawajaelewa. Mtihani wenyewe wa A1 unaruhusu kuomba swali lirudiwe, na kuuliza hivyo ni sehemu ya kujua lugha.

Sasa niingie kwenye mitego ya sisi tunaotoka kwenye Kiswahili, kwa kuwa vitabu vingi vya Kiingereza vimeandikwa kwa ajili ya watu wa dunia nzima na havitaji yetu.

Wa kwanza ni saa. Ukiambiwa miadi ni "ten o'clock" asubuhi, hiyo ni saa nne yetu. Kichwa kinasikia kumi, kinakwenda saa kumi jioni, na miadi ya hospitali imekupita. Tofauti ni saa sita, unaijua vizuri, lakini kuijua hakusaidii ukiwa na wasiwasi. Kuanzia leo weka simu yako isome saa kwa mtindo wa saa ishirini na nne, na kila unapoiangalia itaje kwa Kiingereza kimoyomoyo. Usitafsiri kutoka saa yetu, kisome kilichopo kwenye kioo. Miadi yoyote utakayopewa kule, omba iandikwe.

Wa pili ni herufi. Uingereza utakitaja herufi kwa herufi kila kitu: jina, mtaa, barua pepe, msimbo wa posta. Kule herufi A inaitwa kama tunavyosema "ei", E inaitwa "ii", na I inaitwa "ai". Ukitaja jina lako kwa herufi za Kiswahili, ukasema "i", karani ataandika E. Ukisema "e", ataandika A. Jina likiharibika kwenye kompyuta yao, litaendelea kuharibika kwenye benki, shuleni kwa watoto na kwenye mshahara. Jizoeze kutaja majina yako yote kama yalivyo kwenye pasipoti, yale yale, kwa mpangilio ule ule, mara nyingi kila siku. Zoea pia kulisikia likiitwa vibaya, sababu kwenye chumba cha kusubiri hawatakuita Mama fulani. Wataita jina la ukoo lililo kwenye pasipoti, kwa matamshi yao, na ukikaa kimya wanaita anayefuata.

Namba nazo zina lao. "Fifteen" na "fifty" zinakaribiana sana kwa sikio letu, kwa sababu mwisho wa neno la Kiingereza humezwa na sisi tumezoea neno liishie kwenye irabu inayosikika wazi. Muuza duka mwenyewe kama wewe unaelewa gharama ya kuchanganya kumi na tano na hamsini. Dawa yake ni kuuliza tarakimu: "One five, or five zero?" Kwenye namba za simu sifuri huitwa "oh", na tarakimu mbili zinazofanana huitwa "double". Namba za simu za mkononi za huko huanza na 07 na zina tarakimu kumi na moja, moja zaidi ya zetu. Mwambie mumeo akutumie namba kwa sauti, wewe uziandike.

Mtego ninaouogopa zaidi ni wa "ndiyo" na "hapana". Kwetu mtu akikuuliza "Huna mzio wa dawa yoyote?" unajibu "Ndiyo, sina", na kila mtu ameelewa. Muuguzi wa Kiingereza akikuuliza hivyo hivyo, ukajibu "yes", amebaki hajui unao au huna, na huenda akaandika kwamba unao. Kiingereza kinajibu ukweli wa jambo lenyewe, hakijibu kauli ya muulizaji. Usiache "yes" au "no" ikasimama peke yake. Sema sentensi nzima: "No, I don't have any allergies." Fanya mazoezi ya maswali ya aina hii na mtu wa nyumbani: hujala, huna mtoto mwingine, hujawahi kufanyiwa upasuaji. Jibu mpaka ulimi uzoee. Kwenye mambo ya afya na ya polisi, hili ni muhimu kuliko kanuni nyingine yoyote ya sarufi.

Kuchanganya "he" na "she" kutakusumbua kwa muda, maana "yeye" yetu haibagui. Usikonde kwa hilo. Watu wanaelewa, na litajirekebisha polepole.

Kuhusu pa kufanyia mazoezi, dada, una bahati ambayo wengi wanailipia. Kariakoo inapokea wafanyabiashara wa Zambia na Malawi kila siku, na wengi wao na wewe lugha mnayoweza kukutana nayo ni Kiingereza. Wanakuja kununua, wana haraka, na hawana habari na makosa yako, wanataka bei. Yule kijana wa fremu ya jirani mshukuru, kisha usimwite tena. Mwombe akae pembeni asikilize, aingie pale tu ambapo mauzo yanataka kuharibika. Andaa mazungumzo matatu na uyashike barabara: bei ya jumla na rejareja, rangi na saizi, na mzigo utasafirishwaje. Ukishazoea hayo, ongeza la kuuliza mteja anatoka wapi, ana watoto wangapi, safari ilikuwaje. Hapo tayari umegusa karibu mada zote za A1, ambazo ni familia, nyumba, kazi, manunuzi, usafiri, afya na hali ya hewa.

Hapa ndipo penye ile hofu yako ya kuchekwa, na sitaipuuza. Mji wetu unacheka sana mtu akichapia. Mtu anaweza kusoma miaka na asifungue mdomo kwa sababu ya wenzake wanaokaa kusubiri kosa, huku wao wenyewe hawathubutu kuongea. Hao wanaokucheka huendi nao Leicester. Mteja wa Lusaka hakucheki. Kwa hiyo chagua kwa makusudi watu wa kuongea nao, na mwanzoni usifanye mazoezi mbele ya wanaojua ung'eng'e wa kujionyesha.

Kwenye gari kutoka Mbagala hadi Kariakoo, weka spika za masikioni. BBC wana vipindi vya bure vya kufundisha Kiingereza, vifupi vifupi. Chukua kimoja, ukisikilize wiki nzima, kila siku kile kile, badala ya kuruka kila siku kwenye kipya. Siku ya kwanza utadaka maneno mawili matatu, siku ya tano utadaka sentensi. Ukifika dukani andika mbili au tatu ulizozidaka, sentensi nzima na siyo neno moja moja. Walimu wenzangu wengi wanamkataza mwanafunzi kuandika matamshi kwa herufi za Kiswahili pembeni. Mimi naruhusu kwa miezi ya mwanzo. Tahajia ya Kiingereza haifuati sauti, na mtu wa umri wako hana muda wa kupigana na vyote viwili kwa pamoja.

Mumeo naye ana kazi. Asiwe mwalimu, waume wengi hawawezi, inageuka ugomvi. Awe mleta vifaa. Akupigie picha karatasi za maisha yake ya kila siku akutumie kwa WhatsApp: risiti ya duka la chakula, bili ya umeme, barua kutoka kwa daktari, tangazo la kituo cha basi, fomu ya shule ikipatikana. Hicho ndicho Kiingereza utakachokutana nacho mlangoni kwako. Soma risiti moja vizuri na utajua majina ya vyakula vya nyumba yako mwenyewe. Tena kila siku mwongee kwa Kiingereza kitupu kwa dakika chache, mada moja tu, kisha mrudi kwenye Kiswahili chenu. Na akutumie sauti za watu wa hapo mtaani. Leicester ina wakazi wengi wenye asili ya India, na miongoni mwao wako ambao wao au wazazi wao walitoka Afrika Mashariki, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972. Utasikia Kiingereza cha Gujarat, cha Poland, cha Wasomali, na cha wenyeji wanaokusalimu "You all right?" wakimaanisha mambo vipi tu. Aliyezoea sauti ya mtangazaji mmoja wa BBC peke yake anashtuka akifika.

Mtihani nitausema kwa kifupi. Ule wa IELTS Life Skills wa A1, mmoja wa mitihani ya Kiingereza inayokubaliwa kwa viza, huchukua dakika 16 hadi 18, ni wa kusikiliza na kuzungumza tu, na unaingia na mtahiniwa mwenzako. Hakuna kuandika insha. Matokeo ni kufaulu au kutofaulu. Cheti hutumika kwa miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kuufanya kabla nyaraka za mumeo, hasa za kipato, hazijakaa sawa. Ni lazima uwe mtihani na kituo vilivyoidhinishwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza. Orodha iko kwenye tovuti yao, na kanuni hizi hubadilika, hivyo isomeni siku mnayotaka kulipa, msitegemee maneno yangu wala ya jirani. Vishoka watakutafuta na cheti cha mezani. Ukikamatwa na udanganyifu kwenye maombi, unaweza kufungiwa kuingia Uingereza miaka kumi. Miaka kumi, na mwanao wa miaka 12 atakuwa mtu mzima. Baadaye, ukiwa kule, utaombwa ngazi ya A2 wakati wa kuongeza muda wa viza, na ya juu zaidi ukiomba ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo usichome daftari ukishafaulu.

Sasa watoto. Kwa hili sikubaliani kabisa na mumeo, na naomba amsomee mtu mwingine barua hii kama hataniamini mimi. Msiwanyime Kiswahili. Kiingereza watakipata shuleni tu, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hamtaweza kukizuia hata mkitaka. Kiswahili hakuna atakayewapa isipokuwa nyie. Na wewe, kwa sasa, Kiswahili ndiyo lugha pekee unayoweza kumtumia mtoto wa miaka 12 kumweleza jambo zito: mwili wake unavyobadilika, kwa nini umemkatalia, nini kimetokea kwa bibi yake. Ukimpa Kiingereza cha A1, umejinyang'anya umama wako katika umri ambao anauhitaji sana. Nimeongea na wazazi waliofanya hivyo na leo wanapigiwa simu na watoto wao, wanasalimiana, halafu maneno yanaisha.

Kuna na upande wa pili. Watoto wakikupita kwenye Kiingereza, na watakupita, usiwafanye wakalimani wako hospitali. Mtoto wa miaka minane hapaswi kumtafsiria daktari habari za tumbo la uzazi la mama yake, na akikosea neno gharama ni yako. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza inatakiwa ikupatie mkalimani bila malipo, ukimwomba wakati wa kupanga miadi. Sentensi ni hii: "I need a Swahili interpreter, please." Kuitumia hakupunguzi kujifunza kwako. Kwenye maombi ya viza mtakuwa mmeshailipia hiyo huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, basi itumieni. Wiki ya kwanza mkajiandikishe kwa daktari wa mtaa. England hawaruhusiwi kukukatalia eti kwa sababu huna kithibitisho cha anwani. Namba ya dharura ni 999. Ya ushauri wa afya usio wa dharura ni 111, na hapo pia unaweza kuomba mkalimani.

Madarasa ya wahamiaji huko yanaitwa ESOL, yako vyuoni na chini ya halmashauri. Ngazi inayolingana na A1 inaitwa Entry 1. Nani analipa na nani halipi inategemea aina ya viza na muda uliokaa, kwa hiyo ukiambiwa ada kubwa usikate tamaa ukarudi nyumbani kulala. Uliza maktaba ya mtaa, makanisa, misikiti na vikundi vya kujitolea kuhusu vikao vya mazungumzo vya bure. Kwa mtu wa aina yako, anayejifunza kwa kuongea, kikao kama hicho chenye chai kinaweza kukusaidia kuliko darasa.

Mwisho ni kazi, ambayo hukuiuliza lakini najua unaiwaza, maana mwanamke aliyezoea kushika hela yake hawezi kukaa bure. Viza ya mwenzi inakuruhusu kufanya kazi. Kazi za kwanza zinazopatikana kwa urahisi ni zile ambazo hakuna anayehitaji kuongea: kupanga bidhaa ghalani, usafi wa usiku, kushona kiwandani pamoja na watu wa lugha moja. Ukilazimika, ingia, lakini usizoee, kwa kuwa mtu anaweza kumaliza miaka mitano humo na Kiingereza kile kile alichoshuka nacho uwanja wa ndege. Na asiyejua lugha ndiye anayelipwa chini ya kima cha chini akidhani ndiyo taratibu. Kisheria kila mfanyakazi anapewa hati ya mshahara inayoonyesha malipo na makato. Mwombe mumeo picha ya hati yake sasa hivi, ujifunze kila mstari. Wewe ni muuza nguo, unajua kitambaa kwa kukigusa na unajua kumshika mteja. Lenga kaunta ya duka tangu mwanzo, hata kama ni duka dogo na saa chache kwa wiki, mahali ambapo mtu anaingia na inabidi umsemeshe.